Kala-azar: Homa ya Wajir Iliyobisha Hodi Kibokoni

Kwetu Mji wa Kale homa ina majina mawili tu: malaria na homa ya matumbo. Mtu akipandwa na joto huenda kupima malaria. Isipoonekana, hupewa dawa ya homa ya matumbo. Na ikiwa hata hiyo haikufaa, ndipo maneno ya barazani yanapoanza. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mtoto wa dadangu alipotufundisha jina la tatu.

Kijana huyu alikuwa utingo wa lori. Walikuwa wakipakia unga, sukari na saruji hapa Mombasa na kupeleka Wajir, mara nyingine hadi Mandera. Njia ikiharibika kwa mvua hulala hapo hapo walipokwama, mkeka juu ya mchanga, karibu na kichuguu au chini ya mgunga. Safari ya mwisho alirudi Kibokoni mzima kabisa, akala, akacheka, akaenda zake ufuoni. Homa ilianza miezi mitatu baadaye.

Kliniki moja ya mtaani ilimtibu malaria mara tatu. Kisha akapewa dawa za homa ya matumbo. Wiki ya saba mikono na miguu yake ilikuwa kama vijiti, ilhali tumbo limejaa upande wa kushoto kama aliyemeza dafu. Damu ya pua ikawa haikomi. Jirani mmoja akasema ni safura, mwengine akasema ni jicho. Mamake akamtafutia kombe. Sina dharau na dua. Tuliomba na bado twaomba. Lakini kila siku iliyopita kijana alikuwa akituponyoka.

Aliyetutoa gizani ni tabibu kijana wa hospitali ya serikali, ambaye aliwahi kufanya kazi kaskazini. Alimbonyeza tumbo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kwa wiki saba: "Miezi sita iliyopita ulikuwa wapi?"

Jibu lilikuwa neno moja tu: Wajir. Siku hiyo hiyo akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kijikaratasi, na baada ya dakika chache tukaambiwa ni kala-azar.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu angenieleza mapema: kimelea ni kipi, kinapimwa vipi, wanyama gani wametumika kukichunguza, na kwa nini utafiti wake ni lazima ufanyike huku kwetu.

Ugonjwa wenyewe

Kala-azar ni jina lililotoka Bara Hindi. Wapenzi wa filamu za Kihindi wanajua kwamba "kala" ni nyeusi; "azar" ni maradhi. Vitabuni huitwa leishmaniasisi ya viungo vya ndani, kwa sababu kimelea chake hujificha kwenye wengu (wengine huita bandama), ini na uboho wa mifupa. Dalili zake ni homa inayozidi wiki mbili, kukonda, kuishiwa damu na tumbo kuvimba kwa sababu ya wengu kukua. Asipotibiwa, Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hufa.

Upo ndugu yake mwepesi zaidi, wa ngozi. Huu huanza kama kipele, kikawa kidonda kisichouma sana lakini kisichopona kwa miezi, na mwisho huacha kovu. Jamaa zetu walioishi Uarabuni huenda wakaujua kwa jina la Habbat Halab, yaani chunusi ya Aleppo. Upo Saudia, upo Yemen, upo Syria na Iraq. Hauui, lakini ukimkaa binti usoni huacha alama ya maisha.

Maradhi yote mawili huletwa na nzi wa mchanga. Jina lisikudanganye ukadhani ni mdudu wa ufuoni Nyali. Ni kidudu cha milimita mbili au tatu, kidogo kuliko mbu, chenye rangi ya majani makavu, kisichopiga kelele sikioni. Anayeuma ni jike tu, na huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Haruki mbali; hurukaruka karibu na ardhi. Kwa udogo wake aweza kupenya kwenye matundu ya baadhi ya vyandarua vya kawaida, ndiyo maana chandarua kilichotiwa dawa ni bora.

Kisiwa cha Mombasa hakimo katika maeneo ya Kenya yanayojulikana kwa maambukizi ya kala-azar. Maeneo hayo ni makavu na yako mbali na bahari: Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa, na sehemu za Kitui na Machakos. Lakini tazama ramani hiyo kisha ukae Mwembe Tayari asubuhi moja uhesabu mabasi na malori. Walimu wetu hupangwa huko. Askari wetu hupelekwa huko. Madereva, wafanyabiashara wa mbuzi na mafundi wa ujenzi huenda na kurudi. Ugonjwa hauna makao kwetu, ila mgonjwa anayo.

Kimelea chenye maumbo mawili

Mwaka 1900 daktari wa jeshi la Uingereza, William Leishman, alikuwa akichunguza wengu wa askari aliyefariki huko Netley baada ya kurudi kutoka Dum Dum, karibu na Calcutta. Ndani yake aliona vidude vidogo vya mviringo. Alichapisha habari zake mwaka 1903, na mwaka huo huo Charles Donovan aliviona kwa wagonjwa wa Madras. Ronald Ross, yule aliyethibitisha kuwa malaria husafiri na mbu, ndiye aliyeunganisha majina ya wawili hao: Leishmania donovani.

Kimelea hiki huishi maisha mawili. Ndani ya tumbo la nzi wa mchanga ni kirefu, kina mkia kama mjeledi, na huogelea. Kikishaingia mwilini mwa mtu humezwa na chembe za damu ambazo kazi yake ni kula wavamizi. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Badala ya kufa ndani ya chembe ile, hutupa mkia, hujikunja kuwa duara la mikromita mbili hadi nne, na huzaana humo humo mpaka chembe ipasuke. Ni kama mwizi aliyeamua kulala kituo cha polisi. Chembe hizi za ulinzi ziko nyingi zaidi kwenye wengu, ini na uboho, na ndiyo sababu viungo hivyo ndivyo vinavyoharibika.

Kwa kuwa kimejificha ndani ya walinzi wenyewe, hakionekani kwa urahisi kwenye tone la damu la kidoleni kama kinavyoonekana kimelea cha malaria. Hii ni moja ya sababu za kijana wetu kupimwa malaria mara tatu na asionekane na kitu, huku akiendelea kumezeshwa dawa zake.

Kenya katika historia ya utafiti

Wengi hudhani maarifa ya ugonjwa huu yalikuja kwa meli kutoka ng'ambo. Yalikuja kiasi, lakini sehemu kubwa yalichimbwa hapa hapa. Katika Vita vya Pili vya Dunia kala-azar ilizuka katika kikosi cha King's African Rifles kilichokuwa kaskazini mwa nchi, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1942. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ikapigwa na mlipuko mkubwa, na wako walioamini kwamba askari waliorejea ndio waliousafirisha.

Mlipuko wa Kitui ndio uliowafanya watafiti waulize swali la msingi: watu hawa wanaumwa wapi? Walikuta wanaougua zaidi ni wale waliozoea kukaa jioni karibu na vichuguu vya mchwa. Mashimo ya kupitishia hewa ya vichuguu hivyo ni baridi na yenye unyevu hata jua likichoma, na ndani yake hupumzika nzi wa mchanga wa aina ya Phlebotomus martini. Jua likizama hutoka, na wa kwanza kukutana naye ni mchunga mbuzi aliyekifanya kichuguu kiti. Mtoto wa dadangu alipoelezwa haya alinitazama akasema, "Mjomba, sisi tulikuwa twaegemeza mito."

Kwa kala-azar ya Kenya, mtu mwenyewe ndiye anayehesabiwa kuwa hazina kuu ya kimelea: nzi humuuma mgonjwa, kisha humuuma mzima. Kwa ugonjwa wa ngozi mambo ni mengine. Katika Mlima Elgon pimbi wa mapangoni ni miongoni mwa wanyama wanaokihifadhi kimelea, na mwanasayansi wa Kenya M. J. Mutinga ni mmoja wa waliochapisha utafiti juu ya wanyama hao katika miaka ya 1970. Baringo, wanaokihifadhi ni panya wa porini.

Wala si historia ya zamani tu. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001 mlipuko wa kala-azar ulikumba Wajir, Mandera na maeneo jirani ya Somalia na Ethiopia, na wagonjwa zaidi ya 900 wakatambuliwa. Ugonjwa umerudi tena na tena kaskazini tangu wakati huo. Mwaka 2017 Wajir na Marsabit ziliupata wakati wauguzi nchini wakiwa katika mgomo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, Afrika Mashariki ilibeba wagonjwa 73 kati ya kila 100 wa kala-azar duniani, na nusu yao ni watoto wasiofika miaka 15.

Vipimo: kutoka sindano ya wengu hadi tone la kidole

Kipimo cha zamani na cha hakika zaidi ni kukitafuta kimelea chenyewe kwa hadubini. Daktari huchoma sindano kwenye wengu, huvuta maji kidogo na kuyapaka kwenye kioo. Kikifanywa vyema hukamata wagonjwa 93 au zaidi katika 100. Lakini wengu uliovimba ni kama puto lililojaa damu, na mgonjwa wa kala-azar damu yake haigandi upesi. Mkono ukikosea aweza kutokwa na damu tumboni mpaka akafa. Kazi hii yataka mtaalamu, damu ya akiba na chumba cha upasuaji karibu. Sindano ya uboho ni salama zaidi, ila yauma na hukosa wagonjwa wengi kuliko ya wengu.

Njia ya pili ni kutafuta alama za vita, yaani kingamwili ambazo mwili umezitengeneza kupigana na kimelea. Katika miaka ya 1980 Msudani Abdallah el Harith aliboresha kipimo ambapo vimelea vilivyouawa na kutiwa rangi huchanganywa na damu ya mgonjwa. Kingamwili zikiwemo, vimelea hushikana na kuenea. Ni kipimo kizuri, lakini huhitaji maabara na saa nyingi za kungoja.

Miaka ya 1990 ikaja rK39, ambayo sasa ndiyo msingi wa kile kijikaratasi. Wanasayansi walichukua kipande cha protini ya kimelea wakakipaka kwenye ukanda. Damu ya kidole ikipita, mstari hutokea. Huhitaji umeme wala hadubini, na muuguzi wa zahanati ya mbali aweza kukitumia.

Hapa ndipo penye somo. Protini hiyo ilitokana na kimelea cha Amerika ya Kusini. Kipimo kilipofika India kikafanya maajabu. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba huko Bara Hindi kilikamata wagonjwa 97 katika 100. Afrika Mashariki kilikamata 85. Yaani katika kila wagonjwa 100 wa kwetu, 15 wangeambiwa hawana kitu na kurudishwa nyumbani. Kwa ugonjwa unaoua karibu kila asiyetibiwa, hao 15 si takwimu.

Kwa hiyo kijikaratasi kikisema "hapana" lakini wengu umevimba, homa haiishi na mtu ametoka kaskazini, daktari hatakiwi kuishia hapo. Apime kwa njia nyengine. Mwenye virusi vya ukimwi ahadhari zaidi, maana mwili uliodhoofika huenda usitengeneze kingamwili za kutosha kuonekana. Na upande wa pili, kijikaratasi huendelea kusema "ndiyo" miezi na hata miaka baada ya mtu kupona, kwa kuwa alama za vita hazifutiki upesi. Aliyetibiwa akaugua tena, kijikaratasi hakiwezi kutoa jibu. Ni lazima kimelea chenyewe kitafutwe.

Wanyama waliobeba mzigo

Nilipoanza kusoma habari za utafiti huu nilishangaa kuona wanyama wamejaa kila ukurasa. Sababu yake ni rahisi. Huwezi kumwambukiza mtu maradhi ya kuua ili uone dawa inafanyaje. Wala kimelea kilichofugwa kwenye chupa hakikuelezi wengu unavimba vipi.

Anayefanana sana na mgonjwa wetu ni hamsta, kinyama cha jamii ya panya, chenye manyoya ya rangi ya dhahabu na mashavu ya kuwekea chakula. Akiambukizwa kala-azar huvimba wengu, hukonda na hufa, kama mtu. Kuingia kwake maabara ni kisa. Saul Adler, mtaalamu wa vimelea mjini Jerusalem, alikuwa akihitaji hamsta kwa utafiti wa leishmaniasisi na hakuwa na njia nzuri ya kuwapata. Mwaka 1930 mwenzake Israel Aharoni alichimba shimo karibu na Aleppo akapata mama na watoto wake. Hamsta karibu wote wanaofugwa leo duniani, hata wale wa kuchezewa na watoto wa Ulaya, asili yao ni kile kizazi kidogo. Basi mji uliotoa jina la chunusi ndio pia uliotoa mnyama wa kuichunguza. Na Kenya imo katika kisa hiki: mwaka 1958 mtafiti R. B. Heisch aligundua kimelea cha jamii hiyo ndani ya mjusi wa hapa nchini, akakiita Leishmania adleri kwa heshima ya Adler.

Panya wa maabara walifundisha jambo jengine. Ipo koo ya panya weupe iitwayo BALB/c. Wakitiwa kimelea cha ngozi, kidonda huenea mpaka wafe. Ipo koo ya panya weusi iitwayo C57BL/6; kimelea ni kile kile, kiasi ni kile kile, lakini wao hupona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi walionyesha kwamba tofauti iko kwenye namna mwili unavyopanga ulinzi wake. Kundi moja la chembe huamsha walinzi waue kilichomo ndani yao. Kundi jengine huwaacha wamelala. Somo hilo lilivuka mipaka ya ugonjwa huu na leo hufundishwa katika vyuo vya tiba kila mahali.

Lakini panya si mtu. Ndipo lilipokuja zamu ya tumbili, yule yule anayetuibia ndizi. Taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani, iliyoanzishwa na Louis Leakey huko Tigoni mwaka 1960 na sasa iko Karen, Nairobi, iligundua kwamba tumbili akitiwa kimelea cha ngozi hupata kidonda, kidonda hupona chenyewe, na baadaye huwa na kinga. Wakasema: basi tujaribu chanjo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Tumbili waliochanjwa kwa vimelea vilivyouawa, pamoja na kichocheo cha kinga, walionyesha damuni kila dalili nzuri ambayo panya waliopona huionyesha. Kisha wakaambukizwa vimelea hai. Chanjo haikuwakinga.

Mtu aweza kusema wanyama wale waliteswa bure. Mimi naona kinyume. Laiti wangeishia kwa panya, wangesonga mbele hadi kwa watu na kuwaambia wamekingwa na kumbe sivyo. Mpaka leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa ya leishmaniasisi kwa binadamu, na kosa la kudhani ipo lingekuwa kubwa kuliko kukosekana kwake. Hata hivyo deni kwa mnyama lipo. Tangu mwaka 1959 wanasayansi wamekuwa na kanuni tatu juu yake: pale unapoweza kumwacha mnyama mwache, ukimtumia tumia wachache, na upunguze maumivu. Dini yetu inayotukataza kumtesa hata paka haiwezi kudai pungufu ya hayo.

Dawa iliyofaa India ikashindwa huku

Yaliyotokea kwa kijikaratasi yakatokea pia kwa dawa. Kwa miongo mingi tiba ya Afrika Mashariki ilikuwa sindano za stibogluconeti, dawa ya madini ya antimoni, kila siku kwa siku 30. Inauma, na yaweza kudhuru moyo na kongosho.

Mwaka 2003 taasisi yetu ya KEMRI ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DNDi, shirika la kutafuta dawa za maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka huo huo huko Khartoum ukaundwa mtandao wa LEAP wa watafiti wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda. Walipoijaribu paromomaisini peke yake, dawa ambayo India iliponya wagonjwa zaidi ya 90 katika 100, huku iliponya kama 64 tu. Dozi moja ya amfoterisini iliyofaa sana India nayo haikutosha ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia.

Hawakukata tamaa. Waliunganisha stibogluconeti na paromomaisini, muda ukashuka kutoka siku 30 hadi 17, na zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 wakapona. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo mwaka 2010. Katika vituo vilivyofanya kazi hiyo vimo Kimalel kule Baringo na Kacheliba kule Pokot Magharibi, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupasikia. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya njia fupi zaidi: siku 14, sindano moja kwa siku pamoja na vidonge vya miltefosini, na mafanikio karibu sawa. Mwenye mimba hapewi miltefosini, kwa sababu yaweza kudhuru mtoto tumboni.

Siku 17 za kijana wetu nilizihesabu moja moja. Sindano mbili kila siku, na sehemu ya kuchoma ilikuwa imebaki ndogo kwa kukonda. Siku ya tano homa ilikatika. Siku ya kumi aliomba mahamri na mbaazi, na mamake alilia jikoni.

La kufanya sisi wa kisiwani

Kwanza, anayerudi kutoka maeneo niliyoyataja aijue safari yake kuwa ni sehemu ya habari za ugonjwa. Kutoka kuumwa na nzi hadi dalili kutokea kwa kawaida ni miezi miwili hadi sita, na mara nyingine hupita mwaka. Daktari asipouliza, mwambie mwenyewe: nilikuwa Wajir, nililala nje.

Pili, homa ya zaidi ya wiki mbili isiyosikia dawa ya malaria, pamoja na tumbo kujaa upande wa kushoto, si ya kutibiwa dukani. Nenda hospitali kubwa ya serikali na uombe kupimwa kala-azar kwa jina lake.

Tatu, anayekwenda huko achukue chandarua kilichotiwa dawa, avae mikono mirefu jioni, asilale juu ya ardhi akiweza kulala juu ya lori, na asikae karibu na kichuguu jua likizama.

Nne, anayerudi kutoka Saudia au Yemen na kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi asimalizie kwa dawa za kupaka tu. Kionwe na daktari wa ngozi, aambiwe pia kilianzia wapi.

Tano, wenye kliniki za mitaa yetu, hili nalisema kwa heshima: swali la safari halina gharama. Liandikwe kwenye kadi ya mgonjwa pamoja na umri na uzito.

Januari 2023 nchi za Afrika Mashariki zilikutana Nairobi kuandaa mpango wa pamoja wa kuutokomeza ugonjwa huu. Mipango hiyo hupangwa kwa ajili ya maeneo yenye nzi, na ni haki. Lakini utingo mmoja akirudi Kibokoni na kimelea mwilini, hospitali iliyo karibu naye ni ya hapa, na wanaomuuguza ni sisi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha. Tulimtangaza kila mlango tuliobisha, na kila mlango ukatupa dawa ya malaria. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza alikotoka. Kijana yu mzima leo, amerudi barabarani, na kila anapofunga safari ya kaskazini mamake humtazamia begi mwenyewe: chandarua kwanza, nguo baadaye.